Gauni Kwenye Nyumba Tupu

Kwanza niseme wazi: mimi si mwongo. Nina mdomo, nina hasira, na ndugu zangu walianza kuniita Pilipili kabla sijaota meno ya mbele, lakini uongo si fani yangu. Kwa hiyo nilipoandika kwenye fomu ya halmashauri kwamba nyumba ya marehemu mama yetu iko tupu na haitumiwi na mtu yeyote, nikatia sahihi na tarehe, niliamini maneno yale. Basi, tuseme niliamini nusu yake.

Mama alituacha watatu. Wa kwanza ni kaka yetu, aliyestaafu kazi ya kuandika mahudhurio kiwandani. Mpaka leo ukichelewa dakika tano anakutazama kama anataka kukukata mshahara. Wa pili ni mimi, fundi cherehani. Wa mwisho ni mdogo wetu, kitindamimba, msusi mwenye saluni ya viti viwili na maneno ya viti kumi. Baada ya msiba tulikaa chini, tukagawana vyombo, tukakubaliana kuiuza nyumba. Hatukugombana hata kidogo. Nadhani majirani walisikitika, maana walikuwa wameshajiandaa kusikiliza ukutani.

Mnunuzi tulimpata mwezi wa saba, mfamasia mmoja mpole aliyeipenda nyumba kwa ajili ya veranda yake. Tukaandikiana: siku ya Ijumaa, tarehe ishirini na nane mwezi wa kumi, tunampa hati na funguo, yeye anatupa pesa.

Na mimi ile pesa ilikuwa imeshapata kazi. Miaka kumi na tisa nimeshona katika chumba kimoja cha duka, pale kona. Mwenye chumba ameamua kuuza. Alinipa nafasi ya kwanza, Mungu ambariki, lakini akanipa na tarehe: thelathini ya mwezi huohuo. Nikiikosa, chumba kinakwenda kwa muuza simu, na cherehani zangu tatu zinakwenda barabarani pamoja nami. Kwa umri wangu huu, nianze kutafuta wateja upya kama binti aliyemaliza mafunzo jana? Thubutu!

Kilichobaki kilikuwa karatasi moja tu, cheti cha kutodaiwa kodi ya majengo. Bila hicho hati haihamishwi. Sheria yao ni hii: nyumba ya marehemu inayosubiri kuuzwa haitozwi kodi, maadamu haitumiwi. Ikitumiwa, hata kidogo, inadaiwa miezi yote tangu siku ya msiba, na faini juu yake. Nikajaza fomu, nikaandika "tupu", nikarudi dukani kushona sare za shule.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Mkaguzi wa majengo ataitembelea nyumba Jumanne saa nne asubuhi, warithi wote wawepo, kwa sababu mita ya maji inaonyesha kwamba nyumba tupu inakunywa maji.

Nikampigia kaka. "Kaka, nani anatumia maji kwa Mama?"

"Maji?" akasema. "Maji gani? Labda bomba linavuja."

Nikampigia mdogo wangu. "Wee, ni nani anatumia maji kwa Mama?"

"Mimi tena? Dada, mimi mbona sina hata muda wa kujikuna! Muulize kaka."

Sasa nieleze jambo ambalo halinipendezi. Nilikuwa najua. Kila Alhamisi mchana nilipokuwa nikifika pale, maana ndiyo, nilikuwa nikifika, nilikuta kiti cha Mama cha kamba kando ya dirisha la sebule. Kiti kile kaka alikichukua kwenye mgao, akakibeba kichwani mpaka kwake. Sasa kilirudi kwa miguu yake? Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na birika la umeme, na kikombe kimoja kimeoshwa na kufunikwa kama kazini. Bafuni kulikuwa na beseni, taulo la waridi, na sabuni yenye harufu ya kumfanya mtu apige chafya, sabuni ya msusi. Niliona vyote hivyo nikafunga mdomo. Ningewauliza habari za kiti na sabuni, nao wangeniuliza habari za gauni lililoning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha Mama.

Kwa hiyo wote watatu tulijua, na wote watatu tulinyamaza, miezi minane mizima. Ndivyo tulivyo katika ukoo wetu. Tunasema yote isipokuwa lile lenyewe.

Jumanne nikaamka mapema. Mkaguzi ni saa nne. Mimi saa mbili niwe nimefika, nichukue gauni langu, nitoke, nirudi saa nne nikiwa nimenyooka kama rula. Nikafika saa mbili kasoro, nikamkuta mdogo wangu getini, amebeba mfuko mkubwa mtupu.

"Umekuja kufanya nini saa hizi?" nikamuuliza.

"Nimekuja kufagia uwanja. Wewe?"

"Mimi pia."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na ufagio. Tukiwa bado tunatazamana, mlango wa bluu ukafunguka, kaka akatokea kinyumenyume, amekumbatia kiti. Alipotuona akakishusha taratibu, akakikalia palepale mlangoni, akapandisha mguu juu ya mguu.

"Mmewahi," akasema. "Vizuri. Mimi nimefika kukagua kabla ya mkaguzi."

Basi tukakaa. Hakuna aliyetaka kuingia ndani kuchukua chake mbele ya wenzake. Ningeingia, wangenifuata. Wangeingia, ningewafuata. Kwa saa mbili nzima watu wazima watatu, mmoja wao ana wajukuu, tukazungumzia hali ya hewa. Kaka alikirudisha kiti ndani kwa kisingizio kwamba jua limekuwa kali.

Saa nne kamili mkaguzi akaingia. Mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri mno (kola yake niliipenda, lazima niseme), ana kibao cha kuandikia na kalamu mbili, moja nyuma ya sikio. Alitusalimia kila mmoja kwa heshima. Watu wapole wa ofisini ndio ninaowaogopa. Wakali unajua utawakamata wapi.

Akaanza na sebule. Akakitazama kiti.

"Fomu inasema nyumba ni tupu, fundi."

"Ni tupu, bwana mkaguzi. Kiti hicho..." Nikamtazama kaka.

"Ni cha marehemu," kaka akasema haraka.

"Aa. Vitu vya marehemu vilivyobaki ndani havina tatizo," mkaguzi akasema, akaandika. "Hata vikiwa mia, sivihesabu. Ninachotafuta mimi ni kitu kilicholetwa au kazi iliyofanywa humu baada ya msiba." Kisha akaweka kiganja juu ya birika. Akakitoa, akakitazama kiganja chake. "Na birika?"

"La marehemu."

"Bado lina joto."

"Jua hilo, bwana," kaka akasema. "Dirisha hili linapokea jua la asubuhi vibaya sana."

Mkaguzi akatazama dirisha, ambalo lilikuwa upande wa magharibi. Akaandika. Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yanamtetemeka. Nikamfinya.

Bafuni ikawa zamu yake kutetemeka kwa sababu nyingine.

"Taulo?"

"La marehemu."

"Limelowa."

"Bomba linavuja, bwana mkaguzi, si ndiyo maana mita inakimbia? Linarusha maji mpaka kule. Hatari!"

"Na sabuni hii imeandikwa imetengenezwa mwezi wa sita." Mama alifariki mwezi wa pili. Mdogo wangu, ambaye maneno hayajawahi kumwishia tangu ajifunze kusema, akaishiwa. Mkaguzi akamsubiri kidogo, kisha akaigeuza sabuni ile, maandishi yakalala chini kwenye beseni. "Macho yangu siku hizi si mazuri," akasema. "Huenda nimesoma vibaya."

Hapo nikaelewa. Mzee huyu ameshatuona tulivyo, na ametufungulia mlango wa nyuma. Alichotaka kutoka kwetu ni maneno mawili tu kwa kila kitu, naye atayaandika, na cheti tutapata. Moyo wangu ukatulia. Nikaanza hata kukiona chumba changu cha duka, nikajiuliza nipake rangi gani.

Tukaingia chumbani kwa Mama. Chumba kilikuwa kitupu, sakafu inang'aa. Mkaguzi akazunguka, akaufunga mlango ili atazame nyuma yake. Gauni likawa mbele yetu.

Lilikuwa gauni la zambarau lenye vidoti vyeupe, mikono ya robo tatu, kiuno kimebanwa kidogo. Pindo la chini lilikuwa bado, nimelishikiza kwa pini, na sindano yenye uzi imechomekwa palepale. Sikuwahi kushona gauni zuri kama lile. Nasema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine wa kusema.

"Na hili je, fundi? La marehemu?"

Kaka akanitazama. Mdogo wangu akanitazama. Nyuso zao zilisema jambo moja: sema, twende nyumbani. Wao, nilikuja kujua baadaye, walidhani ni gauni la mteja, kwamba nakuja kufuata mwanga wa dirisha na kumkimbia muuza simu anayekuja kupima ukuta wangu kila siku.

Maneno ni mawili tu. La marehemu. Na tena ilikuwa kweli, kitambaa alikinunua mwenyewe.

"Fundi?" mkaguzi akasema. "La marehemu?"

"Hapana," nikasema.

"Pilipili!" kaka akanong'ona.

"Hapana, si lake. Hakulipata." Sauti yangu ilikuwa imebadilika, nami nikaikasirikia, nikaongeza ukali. "Andika, bwana. Kitambaa aliniletea miaka mitatu kabla hajafa, amekikunja kwenye gazeti. Akaniambia, mwanangu, ukipata nafasi. Sikupata nafasi. Wateja wanaolipa walikuwa wengi. Kila nikipanga kazi, cha Mama nakiweka chini. Akiniuliza namwambia wiki ijayo, Mama. Miaka mitatu, wiki ijayo. Nimelikata baada ya kumzika. Nalishona hapa kila Alhamisi, kwa mkono, kwa sababu dukani naona aibu. Kwa hiyo usiandike la marehemu. Nikisema ni lake nitakuwa nimesema nilimpa, na sikumpa."

Mkaguzi alishusha kibao chake. Akachukua kalamu ya nyuma ya sikio, siyo ile aliyokuwa akiandikia.

"Ukinijibu hivyo, fundi, sina la kufanya," akasema polepole. "Macho mabaya ninayo, lakini masikio yangu ni mazima."

"Andika."

Akaandika. Miezi minane ya kodi, na faini. Ilipwe kabla ya Alhamisi jioni, la sivyo cheti hakitatoka kabla ya Ijumaa. Akatupa karatasi, akatuaga kwa adabu ileile, akaondoka. Kiasi kilichoandikwa pale kilitosha kununua cherehani tatu mpya na meza zake.

Geti lilipofungwa tu, kaka akalipuka. Sijawahi kumsikia akipaza sauti tangu astaafu.

"Maneno mawili! Mimi nimesingizia jua la magharibi, mtu mzima na mvi zangu! Huyu amesingizia bomba! Wewe umeshindwa maneno mawili?"

"Nimeshindwa!" nami nikapaza yangu. "Nimeshindwa, kaka! Nilipe mimi basi, duka lenyewe si ndiyo limeshakwenda? Lipelekeni kwa muuza simu, nitashonea chini ya mwavuli!" Na hapo, kwa hasira yote niliyokuwa nayo, nikalia. Nilikuwa sijalia hata kwenye mazishi. Siku ile nilikuwa na kazi ya kuwagombeza wapishi.

Mdogo wangu akaja akanishika mpaka nilipotulia.

"Dada," akasema, "unajua Mama alikuwa akija saluni kila mwisho wa mwezi. Kila nikimwambia Mama nikununulie gauni, alikuwa akikataa. Anasema, la nini? Langu liko kwa fundi. Fundi wangu ana kazi nyingi, hashikiki. Alikuwa akiwaambia na wateja wangu, fundi wangu hashikiki. Anajisifu, dada. Mpaka mimi naona wivu."

Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama, akitazama nje.

"Mimi nikikiweka kiti hiki kwangu, mama watoto anasema kinalia usiku," akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Nikasema hebu nikirudishe, Jumatano moja. Nikaona nikae kidogo. Ukikaa hapa saa kumi, unasikia kama yuko jikoni." Akapangusa pua. "Na wewe, sabuni?"

"Kwangu tuko tisa na bafu moja," mdogo wangu akasema. "Kila nikiingia mtu anagonga. Hapa, kila Jumatatu, nilikuwa naoga mpaka naimba. Mama hakuwahi kunigongea mlango."

Kisha kaka, mtu wa mahudhurio, akatoa kalamu, akageuza ile karatasi ya mkaguzi, akaanza kuandika nyuma yake.

"Jumatatu wewe, Jumatano mimi, Alhamisi wewe. Sawasawa. Hakuna aliyetumia zaidi ya mwenzake. Theluthi kwa theluthi."

"Lakini mimi ndiye niliyesema," nikamwambia.

"Na mimi ndiye niliyekunywa chai. Miezi minane, dirishani, na upepo. Hoteli gani ingenichaji bei hii?"

Kaka alitoa ya kwake kwenye akiba, akamwambia mkewe amenunua jua la magharibi. Mdogo wangu alikopa kwa mteja wake mmoja, kwa kumwahidi nywele za mwaka mzima. Mimi niliuza cherehani moja kati ya zile tatu, ile ya kudarizi. Iliniuma, sitadanganya. Alhamisi saa nane tulikuwa dirishani kwa mpokea pesa wa halmashauri, tumebanana kama watoto.

"Mlipaji ni nani?" akauliza. "Risiti moja, jina moja."

Kaka akasema andika langu, mimi ni mkubwa. Mdogo wangu akasema kwa nini liwe lako. Watu nyuma yetu wakaanza kuguna. Mimi nikasema waandike la Mama, na wote wawili wakanyamaza mara moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Tulipotoka nje kaka aliisoma ile risiti ngazi nzima, akiishikilia mbali na macho.

"Tumelala kwake," akasema, "tumekula kwake, tumeumwa kwake, tumerudi kwake tukiwa na watoto wetu. Hii ndiyo kodi ya kwanza tunayomlipa."

"Na tumelipa kwa kukamatwa," mdogo wangu akasema. Tukacheka palepale ngazini mpaka mlinzi akatuomba tusogee.

Jioni ile nilikwenda kwa Mama mara ya mwisho, na hao wawili wakanifuata bila kualikwa. Kaka alichemsha maji. Mdogo wangu alioga, akaimba, na sauti yake ni mbaya kama nilivyokuwa nikihofia. Nilikaa chini ya dirisha nikamaliza pindo. Ijumaa mfamasia akapewa hati na funguo, akatupa pesa, akatuuliza kama kuna bomba linalovuja, maana amesikia. Kaka akamwambia limeshapona.

Jumapili ilikuwa tarehe thelathini. Siku ya kununua duka mtu avae vizuri, na mimi, kama mafundi wote, nina kabati la nguo za watu. Nikalitazama lile gauni. Nilipolikata sikuwa na vipimo vya Mama popote. Nilikumbuka tu alichoniambia siku ile alipoleta kitambaa, nilipomwomba asimame nimpime. Alikuwa na haraka. Aliniambia, "Usinipime mimi. Jipime wewe, utanipata."

Nikalivaa. Lilinikaa mwilini kama nilivyokuwa nikilitaka limkae yeye, kiunoni hapa na mabegani, na pindo likaishia palepale.

Mwenye chumba alihesabu pesa, akanisukumia karatasi nitie sahihi, kisha akaniangalia juu mpaka chini.

"Leo umependeza, fundi. Nani kakushonea?"

"Si langu," nikamwambia. "Ni la mteja. Nilichelewa kumpa."

Nikatia sahihi, na tarehe.